Harufu Si Moshi

Mama mkwe wangu, Fosia, ni bingwa wa kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Kule kliniki, Ekiru, kijana anayefundisha mazoezi ya kupumua, aliniuliza mimi mama Habsa, mwenye pumu, kama nyumbani kuna moshi. Kabla sijafungua mdomo, Mama alikuwa ameshamaliza.

"Moshi? Kwetu? Sisi tunapika na gesi, daktari."

Ekiru akaridhika. Na Mama hakudanganya, maskini. Kwetu Chechelesi, moshi ni ule wa kuni na wa malori. Unsi, ule ubani uliopikwa na sukari na marashi, unaofukizwa juu ya makaa mpaka huioni saa ukutani, huo ni harufu. Huo ni heshima kwa mgeni na baraka kwa nyumba. Ni nani mwenye akili timamu atauita moshi?

Zoezi lenyewe lilikuwa rahisi. Nivute hewa polepole kwa pua, tumbo lipande, kifua kitulie, halafu niitoe kwa midomo iliyobanwa kama mtu anayepoza chai. Inhela nisiiache, Ekiru alisisitiza, mazoezi ni ya kuisaidia tu. Nilihitaji kila msaada. Mwezi uliopita nilifikishwa hospitali midomo ikiwa imegeuka rangi, na mume wangu Khadar, aliyekuwa amepeleka mizigo Sericho, alilia kwa simu. Niliogopa kufa, na bado naogopa.

Mama alilipokea zoezi kwa moyo wote. Alinitandikia mkeka sebuleni, akafunga madirisha vumbi lisiingie, akaniwekea chetezo cha unsi karibu na magoti.

"Pumzi ndefu hivyo utaijaza na nini? Na vumbi ya barabara?"

Basi kila asubuhi nikawa navuta unsi wa hali ya juu mpaka chini kabisa ya mapafu, tena kitaalamu. Kifua kikazidi kubana. Mama akasema ni uvivu wangu, sivuti vizuri.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Haya, nenda wewe ukamwambie mama mkwe azime unsi wake. Kwetu hapo umemwambia nyumba yake inanuka, na kufikia adhuhuri mtaa mzima unajua mwanawe alioa nini.

Ekiru alipoona sipati nafuu, akaja nyumbani kunitazama nikifanya zoezi. Mgeni! Mama aliongeza makaa, akarundika unsi wa harusi, ule wenyewe, akaleta chai ya maziwa ya ngamia. Ekiru aliingia na "habari" yake, akakaa, akakohoa. Macho yalimtoka machozi. Lakini kijana amelelewa, hawezi kukosoa nyumba ya watu, kwa hiyo akapangusa macho na kuanza.

"Vuta, mama Habsa... toa... kwani hapa..." Akakohoa tena. "Vuta."

Nikavuta. Hewa ikaingia nusu, ikakataa kutoka. Kifua kikapiga mluzi. Nilipapasa mkeka nikitafuta inhela, huku Mama akilia kwa hofu ya kweli, "Pumua kama ulivyofunzwa, mwanangu!" Na kwa sababu ananipenda, akatia unsi mwingine kwa makaa ili kifua kifunguke.

Nilivuta inhela, nikaichukua chai ya mgeni, nikaimwaga yote juu ya chetezo. Makaa yalichachatika. Ekiru akaruka kufungua madirisha.

Mama alikitazama chetezo chake kikichuruzika chai. "Umeona nyumba yangu inanuka?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, Mama. Ni mimi nakufa."

Ekiru hapo ndipo alipopata ujasiri wa kusema kwamba unsi ni moshi. Mama alimsikiliza kwa adabu na hakuamini hata neno moja. Lakini kwa ajili yangu alikitoa chetezo nyumbani, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia hata marehemu mumewe.

Siku hizi jioni huenda kwa jirani yetu Mako, na huko hufukiza unsi huku akiniombea dua Mungu anifungue kifua. Hurudi shungi lote likinukia, ananifungulia mikono mlangoni, na kuniuliza, "Unapumua, mwanangu?"

"Vizuri kabisa, Mama," nasema, halafu nazuia pumzi na kumkumbatia.