Kibao Mbele ya Tembe la Mzee Sila

Siku Baraza la Mji Mdogo wa Chilangwa lilipoamua kumpa Mzee Sila heshima, lilimpa kibao. Kililetwa kwa pikipiki, kimefungwa nyuma kwa mpira, kikachimbiwa hatua nne tu kutoka mlangoni kwake na kushindiliwa mawe mpaka kikasimama wima. Maandishi yake yalikuwa mekundu: URITHI WA MJI. NI MARUFUKU KUGUSA, KUONGEZA AU KUPUNGUZA CHOCHOTE. Kazi yote ilisimamiwa na Mtendaji wa Mji, kijana aliyeitwa Denis, mwenye viatu vinavyong'aa na uso wa mtu anayeongoza mazishi ya kitaifa.

"Hongera, mzee," Denis alisema. "Kuanzia leo unaishi ndani ya historia."

"Nashukuru, baba. Na mlango naruhusiwa kuufungua?"

Denis alifikiri kwanza, maana mtendaji mzuri hajibu swali kabla ya kulipima. "Kufungua unaruhusiwa," akasema. "Ila taratibu."

Pikipiki ikaondoka, vumbi likatulia, na historia ikabaki na mtu mmoja na kuku watano.

Lilikuwa tembe la mwisho Chilangwa. Mabawa manne ya udongo yalizunguka ua mpana, na juu ya mabawa hayo paa bapa la miti, fito na udongo, la kutosha kuanika mtama wa kijiji kizima. Babu yake Sila alilijenga kwa ajili ya watu thelathini na ng'ombe wasiohesabika, au waliohesabika lakini mhesabuji alikuwa mtu wa kujisifu. Sila mwenyewe alikumbuka enzi ambazo mtu akikohoa bawa la mashariki, bawa la magharibi lilimpa pole. Sasa walikuwa wamekwenda, wengine mjini, wengine makaburini. Mkewe Ruthu alikuwa na miaka minne kaburini. Binti yao Yudith alikuwa Ipagala, Dodoma mjini, kwenye nyumba yenye vigae, naye alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada kumwuliza baba yake kama amekula. Sila alijibu kwamba amekula. Kisha kila mmoja alisikiliza kidogo nyumba ya mwenzake, na simu ikakatika.

Jinsi tembe lilivyopata kuwa historia ni hivi. Hashimu, mjumbe wa baraza na mkamuaji wa alizeti, alitaka kiwanja kile. Kilikuwa kando ya lami iendayo Kondoa, mahali pazuri pa mashine, ghala na ajira za vijana kumi na wawili. Denis alitaka tembe libaki, kwa sababu wageni waendao kutazama michoro ya mapangoni Kondoa hupita hapo bila hata kupunguza mwendo, na mji unaopitwa bila kutazamwa hauendelei. Kikao kilichukua saa tano. Mwenyekiti, Mama Restuta, alipoona wajumbe wameanza kuulizana juu ya chakula cha mchana, alitoa uamuzi ambao hakuna aliyeweza kuupinga kwa kuwa haukuamua kitu: ataitwa mtaalamu wa mambo ya kale, na mpaka atakapofika, tembe lisiguswe.

Mtaalamu alikuwa na kazi nyingi. Oktoba ikaisha.

Tatizo ni kwamba tembe haliwezi kuachwa bila kuguswa. Nyumba ya bati ukiisahau inakusahau. Tembe ukilisahau mwaka mmoja linakumwagikia kichwani. Kila mwaka kabla ya mvua lazima paa lipandishiwe udongo mpya, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Inataka mstari: wa kukanyaga udongo shimoni, wa kufinyanga mabonge, wa kuyarusha, wa kuyadaka juu, wa kuyasawazisha kwa viganja. Zamani ilikuwa zamu. Leo kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa mwenye kidonda cha mguu ambaye hatarusha bonge lakini atapiga soga. Mwenye nyumba alipika, na watu walikula wakiwa na udongo mpaka kwenye nyusi.

Kisha bati likaja. Nyumba moja, nyumba tatu, kijiji kizima. Watu bado walikuja kwa Sila, lakini mwaka hadi mwaka walipungua, na hakuwalaumu. Angewarudishia zamu wapi? Bati halipakwi udongo. Mwaka uliopita walikuja wanne, na mmoja wao alikuwa amepotea njia.

Mwaka huu Sila alimfuata jirani yake Lameck, aliyekuwa akifunga mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lameck, mawingu yale unayaona?"

"Nayaona."

"Udongo nishachimba. Jumamosi nitapika wali na kuku."

Lameck alimtazama mbuzi kana kwamba ndiye aliyealikwa. "Ningekuja, babu. Kweli ningekuja. Ila si kile kibao?"

"Kibao kina nini?"

"Kinasema tusiguse. Mimi mtu wa familia, wanipeleke wapi mimi?"

Nyumba ya pili alijibiwa vilevile, na ya tatu, na kwa sauti ileile ya masikitiko iliyochanganyika na nafuu. Sila alirudi nyumbani akasimama mbele ya kibao. Alikitazama kwa muda mrefu. Alitaka kukichukia, na hakuweza, kwa sababu kilikuwa kimemfanyia wema mmoja ambao asingethubutu kuutaja mbele ya watu. Tangu sasa, mtu asipokuja, Sila angeweza kusema ni kibao.

"Za asubuhi," alikisalimia kesho yake. Wiki iliyofuata alikuwa anakisimulia ndoto zake. Kilikuwa msikilizaji mzuri kuliko Denis.

Mvua ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa Desemba, fupi, ya kujitambulisha tu. Ilianza mchana, ikakaa nusu saa, ikaenda zake kuelekea Haneti. Sila hakukimbia huku na huku na masufuria kama mtu mwingine. Alichukua kipande cha mkaa, akatembea ndani ya bawa kubwa polepole, na kila mahali tone lilipodondoka akachora duara sakafuni. Alipomaliza, maduara yalikuwa manane. Wajumbe wa baraza walikuwa saba, na Mtendaji wa nane.

Sila alivaa koti lake la kanisani akaenda ofisini.

"Mwenyekiti," alimwambia Mama Restuta, "mtaalamu hajaja, nanyi mna kikao wiki ijayo. Njooni mkalie kwangu. Mtaamuaje juu ya kitu ambacho hamjawahi kukikalia?"

"Ofisi ina viti, mzee," Denis alisema.

"Kwangu pana vigoda. Na togwa. Na kuku wawili ambao sitawaongeza wala kuwapunguza mpaka mniruhusu."

Mama Restuta alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa mwanamke mzito, mwenye sauti iliyowahi kuamulia ugomvi wa wachungaji wa pande mbili bila kipaza sauti, naye alizaliwa kwenye tembe, ingawa lile la kwao sasa ni uwanja wa mpira. "Denis," alisema, "andika. Kikao kitafanyika eneo linalohusika."

Siku yenyewe Sila aliamka na kazi. Udongo ulikuwa shimoni, umelowekwa tangu jana, na kando yake ndoo na makarai yamepangwa kama wanafunzi mstarini. Ndani aliweka vigoda vinane, kila kimoja juu ya duara la mkaa, akikisogeza hivi na hivi mpaka katikati kabisa. Chake cha tisa alikiweka pembeni, pakavu. Yaliyobaki alimwachia Mungu, ambaye hakuwa mjumbe wa baraza na hakufungwa na ajenda.

"Mbukwenyi!" aliwapokea mlangoni kwa Kigogo.

"Mbukwa!" wakaitikia, wakainama mmoja mmoja kupita mlango mfupi. Hata Hashimu, ambaye kwao ni upande wa Chemba na nyumbani walisema lugha nyingine kabisa, ile yenye vidoko vya ulimi, aliitikia vizuri.

Sila alisimama katikati ya watu tisa, yeye akiwemo, akasikia kitu ambacho hakukisikia siku nyingi. Bawa lilikuwa linanguruma. Mtu alikohoa, mwingine akampa pole. Ilibidi ajifanye anatafuta kata ya togwa ili ageukie ukuta.

Denis alisoma muhtasari uliopita. Hashimu akasimama kutetea mashine yake, na kwa haki yote alitetea vizuri. "Mimi siichukii nyumba hii," alisema. "Ila vijana wanakaa barabarani wakihesabu malori. Tembe litamwajiri nani?"

Tone la kwanza lilidondoka juu ya kofia yake.

La pili lilidondoka kwenye neno "maendeleo" katika daftari la Denis, na neno likaanza kusafiri kuelekea ukingo wa karatasi. Kisha mvua ikafunguka. Ndani ya dakika moja Baraza lote la Mji Mdogo lilikuwa linavuja, kila mjumbe peke yake, kwa usawa, bila upendeleo wa kitongoji.

"Mzee Sila!" Mama Restuta alifoka, mkono kichwani. "Paa hili vipi?"

"Linahitaji udongo, mwenyekiti."

"Sasa mbona hukuweka?"

Sila alikunja mikono yake mapajani. "Haliguswi," alisema kwa upole. "Kibao kinasema."

Maji yaliendelea kudondoka. Hashimu alitazama juu, akatazama chini ya kigoda chake, akaona ukingo wa duara la mkaa. Akatazama kigoda cha Sila, kikavu kama mfupa. Alianza kucheka taratibu, tumbo kwanza.

"Mzee huyu," alisema. "Mzee huyu! Mwenyekiti, huyu katupanga kama ndoo!"

"Sogeeni basi," Denis alisema, akisogea.

"Hoja ya dharura," alisema Mama Restuta, maji yakimtiririka puani. "Tembe liguswe. Wanaokubali?"

Mikono minane ilinyooka, wa Denis ukiwa wa kwanza ingawa hakuwa na kura.

Mvua ya Dodoma haina uvumilivu wa vikao. Ilikata, jua likatoka, na Sila akawaonyesha shimo. Hakuwaomba. Hashimu ndiye aliyevua viatu. Alikunja suruali, akaingia udongoni, na miguu yake ikaanza kukanyaga kwa mwendo ambao hakujifunza kwenye mashine ya alizeti. "Kwa marehemu bibi yangu," alieleza bila kuulizwa, "mimi ndiye nilikuwa mkanyagaji." Mama Restuta akafunga kanga juu ya gauni la ofisi, akafinyanga. Denis alipandishwa juu kwa kuwa mwepesi, akakosa kudaka bonge la kwanza, na viatu vinavyong'aa vikaingia rasmi katika historia.

"Daka, Mtendaji! Hiyo si barua, hairudi ofisini!"

"Nirushieni taratibu!"

"Taratibu ni ya mlango!" Sila alipiga kelele, na alishangaa kusikia sauti yake ilivyo kubwa.

Lameck alichungulia kutoka kwake. Alipoona baraza zima limekuwa la udongo, alikuja na mkewe, na jirani wa tatu akaja kuona Lameck amekwenda wapi. Mpaka alasiri paa lilikuwa limejaa, limesawazishwa, linatoa mvuke mwembamba juani. Walikula wali na kuku uani wakiwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Hapo hapo, kwa mikono ya mafuta, wakapitisha kwamba tembe libaki, Hashimu apewe kiwanja nyuma ya mnada, na paa lipandishiwe udongo kila mwaka na baraza lenyewe, mwezi wa kumi na moja. Hashimu aliuliza kama barabara ya kuingia huko mnadani itachongwa, akaahidiwa, akanywa togwa ya tatu.

Kisha wakaondoka. Waliaga vizuri, mmoja mmoja, wengine mara mbili. Mama Restuta alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Pikipiki ya mwisho ilipotea upande wa Haneti, na kuku watatu waliobaki wakarudi uani kuangalia kama kuna punje.

Sila hakuvitoa vigoda. Alikaa kwenye chake, pakavu, ingawa sasa pote palikuwa pakavu. Lilikuwa paa zuri. Hakukuwa na paa zuri kama lile tangu Ruthu alipokuwa hai na kumkosoa kutoka chini. Alikohoa, kwa kujaribu tu. Bawa la magharibi halikusema kitu.

Asubuhi alikwenda kukiambia kibao. "Kila mwaka," alisema. "Mwezi wa kumi na moja." Alihesabu kwa vidole, akamaliza mkono mmoja, akamaliza wa pili, na bado ulibaki mwezi. Kibao hakikuwa na maoni.

Yudith hangepiga mpaka Jumapili. Ilikuwa Alhamisi.

Mzee Sila alipanda juu ya paa kwa uangalifu wa mtu wa umri wake. Udongo ulikuwa bado laini. Alitembea, akipima hatua, mpaka juu ya kigoda cha mwenyekiti. Akachuchumaa, akatazama huku na huku, akachomeka kidole chake cha shahada. Aliingiza mpaka kiungo cha pili, akakizungusha, akakitoa. Lilikuwa tundu dogo sana, lisilomdhuru mtu.

Kisha akashuka, akanawa, akavaa koti lake la kanisani, na kushika njia ya ofisini kulitaarifu baraza, kwa masikitiko makubwa, kwamba urithi wa mji unavuja.