Mikono Iliyotulia Pichani

Katika picha, mikono ya mama ilikuwa imetulia tuli kama maji mtungini. Vidole vilishika kitambaa chini ya sindano ya cherehani, kila kucha ikionekana. Binti yake, kitinda mimba aliyebaki nyumbani, aliitazama picha ile kwenye simu kwa mashaka, kwa maana mikono yenyewe, pale mbele yake, ilikuwa ikitetemeka kama majani penye upepo.

"Umeona?" mama alisema, akichungulia. "Mtumie kaka yako. Aache kunisumbua na habari za daktari."

Kaka mtu aliishi mji mwingine. Alikuwa amesikia kwa jirani kwamba mama kaharibu gauni la mteja, akaapa kuja kumpeleka hospitali. Mama alisema jirani ana mdomo mrefu, na picha itakata mzizi wa fitina.

Binti akaituma. Jibu halikukawia: "Afadhali. Basi sitakuja mwezi huu."

Mama akacheka, akarudi kwenye cherehani. Binti hakucheka. Alikuwa amemwona akiikalia mikono wageni wanapoingia, akijimiminia chai nusu kikombe ili isimwagike. Ile picha haikusema uongo, wala haikusema kweli. Simu ilikuwa imepokonya nukta moja ya utulivu na kuigandisha.

Alikuwa na programu nyingine ya kamera. Aliipakua kwa ajili ya nguo za wateja, kwani kamera iliyokuja na simu ilikuwa ikijiamulia mambo: zambarau ikaifanya buluu, kivuli cha pindo ikakifuta. Programu hii ilimwachia yeye usukani. Achague mwanga, achague rangi, aamue hata kamera ikae wazi kwa muda gani. Hilo la mwisho hakuwahi kulihitaji. Nguo haziendi popote.

Akaiegemeza simu kwenye rundo la vitambaa.

"Mama, nikupige nyingine. Tuliza uso tu."

"Ile ya kwanza ina ubaya gani?"

"Haina ubaya," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtia shaka.

Akaurefusha muda wa kamera kukaa wazi, ili kinachosogea kionekane kinasogea, akabonyeza. Kamera ilibaki wazi pumzi nzima, kisha ikafumba. Uso wa mama ulitoka wazi, na chuma cha cherehani kikatoka dhahiri. Lakini palipokuwa na mikono palikuwa na ukungu, kama mvuke juu ya sufuria.

Kidole cha binti kikasogelea alama ya kufuta. Kumwonyesha kulikuwa kama kumvua nguo hadharani. Kutomwonyesha je? Mficha maradhi, walisema wahenga. Hakuthubutu kuumalizia usemi ule hata moyoni.

"Lete nione," mama alisema.

Akaipokea simu, akaisogeza karibu na macho.

"Simu yako imeharibika."

"Haijaharibika, mama."

"Kumbe ndivyo mnavyoniona."

Binti alingoja hasira, au machozi, na hakujua kipi angekistahimili. Mama alipitisha kidole juu ya ule ukungu taratibu, kama anayepima ulaini wa hariri.

"Mimi nilidhani ni tundu la sindano linalohama," alisema.

Binti alicheka bila kutaka, kisha akajikuta anafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Kaka yako hii hataielewa," mama aliendelea. "Atasema umetikisa simu. Ngoja nitunge uzi. Nipige hapo, aone uzi unavyolikosa tundu."

"Una hakika?"

"Piga kabla sijabadili mawazo."

Akakata uzi kwa meno, akaulowanisha ncha, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha. Safari hii hakukaza viwiko mbavuni kama alivyozoea ili kuituliza mikono. Aliiacha mikono ifanye itakavyo. Binti akabonyeza, akabana pumzi. Kamera ikabaki wazi, na mama, uso umetulia, akaendelea kulitafuta tundu.