Damu ya Shangazi na Wenzake

Mkuu wa maabara alikigeuza kile kikaratasi mara mbili, akakinusa, akakirudisha kwenye boksi la viatu.

"Hii si sampuli, Hadubini. Hili ni doa."

Walimwita Hadubini kwa sababu jicho lake halikubanduka kwenye kioo tangu wiki aliyoajiriwa. Kazi yake ilikuwa kusoma vinasaba vya bakteria wa ndigana baridi, ugonjwa ambao kupe huwaambukiza ng'ombe kwa kuwauma, na kuona bakteria hao wamegawanyika aina ngapi. Damu ya ng'ombe wa leo ilijaa tele kwenye jokofu. Ya zamani, ambayo ingeonyesha aina zipi zimeingia na zipi zimetoweka, haikuwepo popote ila ndani ya boksi hilo la marehemu baba yake.

Baba alikuwa bwana mifugo. Kwa miaka ishirini alidondosha tone la damu ya ng'ombe mgonjwa kwenye karatasi, akaikausha kivulini, akaifunga kwenye bahasha. Lakini hereni za namba zilidondoka kila ng'ombe walipojikuna, basi akaachana na namba, akaandika majina. Pembe Moja. Mzembe. Shangazi. Tarehe aliandika alipokumbuka, na alikumbuka mara sita tu.

"Bila tarehe siwezi kuziingiza kwenye utafiti," mkuu alisema, safari hii kwa upole. "Na Ijumaa tunasafisha kabati. Pole."

Hadubini alilitazama boksi. Aliiona meza ya jikoni kwao, baba kavua mabuti, miguu inanuka dawa ya josho, anasimulia nani kapona na nani kapiga ndoo teke, na mama anacheka hadi anaweka mwiko chini. Ng'ombe wale aliwajua kuliko majirani. Miaka ishirini ya mtu, halafu iishie kwenye pipa la taka?

"Kuna anayezijua tarehe," alisema.

"Nani?"

"Mama."

Mkuu alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akazitoa zile bahasha sita zenye tarehe, akazifunika kwa kiganja. "Mpigie. Nitamjaribu kwa hizi. Akipatia, nitamwamini kwa zilizobaki."

Simu ikawekwa mezani, sauti juu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mkuu wa maabara."

"Marahaba, baba. Mwanangu kaharibu nini huko?"

"Hajaharibu kitu. Nataka kujua Mzembe aliugua lini."

"Mzembe! Yule alianguka mlangoni pa josho wiki niliyomzaa huyo huyo uliye naye. Marehemu alikuja hospitali na mabuti ya matope, muuguzi akamtimua. Mwezi wa tatu, mvua ndiyo kwanza zimeanza."

Mkuu alichungulia chini ya kiganja. Akauliza wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Kila mara alichungulia, na kila mara nyusi zilipanda kidogo.

"Na Shangazi?"

"Huyo alifanana na wifi yangu, macho na maringo yote. Wifi alipopata habari kwamba ng'ombe mgonjwa kaitwa kwa ajili yake, alitununia mwaka mzima, tukapatana kwenye harusi ya mdogo wangu. Kwa hiyo mwaka mmoja kabla ya harusi, mwezi wa kumi." Akautaja na mwaka wenyewe.

"Mwaka ni huo. Ila hapa pameandikwa mwezi wa kumi na moja."

Hadubini aliisogelea simu.

"Basi alikosea yeye," mama alijibu papo hapo. "Mwezi wa kumi na moja mgongo ulimlaza chini, hakugusa ng'ombe wala sindano. Bahasha aliiandika alipoinuka kitandani. Nilimshikia karatasi mwenyewe."

Mkuu alikuna kidevu. Alimtazama Hadubini, akaitazama simu, akalivuta daftari.

"Tutaandika mwaka, mwezi tutauacha," alisema hatimaye. "Mwaka unatosha. Mama, una nafasi? Zimebaki thelathini na saba."

Upande wa pili wakasikia kiti kinaburutwa.

"Ngoja nizime jiko," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. Alikawia kidogo, akarudi. "Haya. Anza na Malkia, kama yupo."

Hadubini alipekua bahasha moja moja, mpaka akalikuta jina hilo kwa mwandiko wa baba uliolala upande.

"Yupo, mama."