Kigoda Kilichovimba Miguu

Kwenye zahanati ile watu hawakupanga foleni wenyewe, walipanga vitu vyao. Nesi alikuwa mmoja na vijiji vilivyomtegemea ni vingi, kwa hiyo mtu alikuja alfajiri, akaweka ndala yake au dumu lake nyuma ya kitu cha mwenzake, kisha akarudi shambani kupalilia mpaka zamu yake ikaribie. Vitu vilikaa hapo chini, kutoka mlangoni hadi kwenye uzio, kwa adabu zote. Haikuruhusiwa kuruka kitu cha mtu wala kukisogeza. Ndala ya mzee iliamkiwa. Kofia ya mgane mmoja haikukosa kukaa nyuma ya kapu la mama muuza mkaa, na watu walisema hao wawili wameshaoana siku nyingi, ila wenyewe ndio hawajapata habari.

Vitu vilianza kuugua msimu wa palizi. Ndala ya seremala ilikohoa asubuhi nzima. Dumu moja la manjano lilitoka jasho na kutetemeka, nesi akalipima, likakutwa na malaria. Likapewa dozi. Baada ya siku chache lilikuwa linachota maji kama kawaida, huku mwenye dumu bado yuko kitandani na homa yake. Watu walilizungumza jambo hilo kidogo, wakakubaliana kwamba ni afadhali dumu lipone kuliko kisipone kitu kabisa.

Nesi hakupendezwa. Lakini alikuwa amefundishwa kumhudumia aliye mbele kwenye foleni, na aliyekuwa mbele ni dumu.

Wakubwa wa afya walipokuja kukagua waliiona foleni inakwenda vizuri, wakafurahi. Nesi aliwaambia kwamba dawa zinaisha na kwamba yeye ni mmoja. Waliitikia kwa vichwa. Wakaahidi turubai, ili vitu visipigwe na jua.

Sasa, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Bi Haraka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Aliishi na mkamwana wake, ambaye alikuwa na mimba ya kwanza na mwezi wenyewe ndio huo. Mwanawe Bi Haraka alikuwa machimboni, mbali, huko ambako simu inaita kwa bahati. Miguu ya mkamwana ilikuwa imevimba hata havai tena viatu vyake, anavaa vya mumewe.

"Leo hutoki na miguu hiyo," Bi Haraka alimwambia. "Nakwenda kukuwekea nafasi. Zamu ikikaribia nitakuja kukuchukua na baiskeli ya jirani. Kaa hapo, na chungu changu usikiguse, nakujua ulivyo na mkono wa chumvi."

"Mama, na kichwa kinavyonigonga hivi, chumvi nitaionea wapi?"

"Ndiyo maana leo nakupenda."

Akachukua kigoda ambacho mkamwana hukikalia akifua, akakipeleka, akakiweka nyuma ya jembe la mtu mwenye jipu. Kisha akaketi ukutani na mama muuza mkaa, wakamsema mtu ambaye hakuwepo.

Walipomaliza kumsema, miguu ya kigoda ilikuwa imevimba, yote mitatu. Nesi alikuwa ametoka kuikagua foleni. Alichuchumaa, akabonyeza mguu mmoja kwa kidole. Alipotoa kidole, shimo likabaki kwenye mbao.

"Hiki cha nani?"

"Cha mkamwana wangu, Sista."

Nesi akaleta kipimo cha presha, akakifunga kwenye mguu wa kwanza, akasoma. Akafunga kwenye wa pili. Akafunga kwenye wa tatu, maana ile miwili haikumpa jibu alilolitaka.

"Presha iko juu mno. Mwenyewe anaumwa kichwa?"

"Tangu jana."

"Macho je? Anaona vizuri?"

"Asubuhi alimimina chai pembeni ya kikombe. Nikamgombeza."

"Hiki ni kifafa cha mimba kinakuja, mama. Sindano yake iliniishia zamani. Lazima aende hospitali, na ni leo."

Akapanda kwenye jiwe ambalo mtandao unapatikana, akapiga simu. Ambulensi ilifika upesi kuliko ilivyowahi kufika, kwa kuwa ilikuwa tayari njiani ikileta turubai. Dereva alishusha turubai kwanza, akakung'uta mikono, akafungua milango ya nyuma.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mwanangu," alisema Bi Haraka. "Hapo tu, ng'ambo ya mto. Tumpitie."

"Lile daraja halibebi gari hili, mama yangu. Nami nimetumwa kuchukua mgonjwa wa kituoni. Sista, aliyepimwa presha ni nani?"

"Ni hiki," alisema nesi. "Lakini msubiri kidogo, wamlete mwenyewe."

"Kwa miguu? Kuna mwingine ananingoja huko mbele, anatoka damu. Hiki chenyewe hebu kitazame."

Kigoda kilikuwa kimeanza kutetemeka. Nesi alikitazama, akamtazama Bi Haraka, kisha akakishika upande mmoja. Wakakilaza kwenye kitanda cha gari, wakakifunga mikanda, dereva akaondoka akipiga king'ora, maana hali haikuwa nzuri.

Bi Haraka alikimbia. Waliomwona njiani walimpisha bila kumsalimu. Alimkuta mkamwana sakafuni, ameng'ata ulimi, macho yako wazi hayamtazami mtu. Majirani walimbeba kwenye godoro, wakavuka naye mto. Kule zahanati watu walivisogeza vitu ili apite, ingawa haikuruhusiwa. Nesi alimlaza ubavu, akamshika kichwa, akaagiza apigiwe dereva. Dereva alijibu kwamba ndiyo kwanza ameingia hospitali na mgonjwa amepokelewa vizuri sana.

Mkamwana alifia mikononi mwa nesi kabla ya jua kuzama, na mtoto humo humo tumboni.

Kigoda kilichomwa sindano zote zinazotakiwa. Daktari alikipasua mwenyewe. Wiki ya msiba ilipokwisha, ambulensi ilikirudisha, miguu imenywea imekuwa myembamba kama zamani, na pembeni yake kigoda kichanga kimefungwa kwenye shuka jeupe. Dereva alivivusha daraja vyote viwili kwa mikono yake, mpaka mlangoni.

"Hongera, mama. Umepata mjukuu."

"Asante, mwanangu," alisema Bi Haraka.

Majirani walirudi tena. Wengine walileta sabuni na wengine walikuja mikono mitupu, na wengi walisema pole na hongera kwa pumzi moja. Mwanawe aliyekuwa machimboni alifika, akakaa kaburini kutwa nzima. Kisha akakipokea kile kigoda kichanga, akakigeuza juu chini, akasema kimechukua miguu ya mama yake. Akarudi machimboni.

Bi Haraka alikipeleka kliniki kama watoto wote. Nesi alikitia kwenye mizani, akasema uzito umeongezeka, kinakua vizuri. Ila chanjo hazijafika. Kirudishwe mwezi ujao.

Mwezi ulipofika alikwenda alfajiri. Vitu vilikuwa vimejipanga kivulini chini ya turubai, vingine vinakohoa.

"Weka kanga yako hapo, shoga," alisema mama muuza mkaa, "twende zetu tukapalilie."

"Nenda tu. Mimi hapa siachi kitu."

"Utakaa hapo kutwa?"

"Nitakaa."

Akaketi chini, kati ya sufuria na fimbo ya kipofu, kigoda kichanga amekipakata. Kilipolia alikibembeleza, kikalala. Jua lilipokuwa kichwani, nesi alitoka mlangoni na kutangaza kwamba chanjo hazikuletwa, kwa hiyo wenye watoto waende nyumbani. Hakumtazama mtu. Vitu havikuondoka, kwa kuwa wenyewe hawakuwepo kusikia. Bi Haraka alisikia, naye hakuondoka.