Chembe Zinazoropoka

Sauti ya baba ilikuwa imebaki kama mlango unaofunguliwa na mwizi: taratibu, kwa mkwaruzo, na kwa hofu ya kusikika. Ukitaka kumsikia ilibidi uiname mpaka sikio liguse ndevu zake, na ndevu zikikutekenya unacheka, naye anadhani unamcheka yeye. Daktari alikuwa ameshasema la kusema. Keshokutwa wangemfungua koo na kuondoa kisanduku cha sauti pamoja na uvimbe uliokishikilia. Baba angepona, Mungu akipenda. Sauti ndiyo isingerudi.

Asubuhi ile nilikuwa na kiatu kimoja mkononi nikitafuta cha pili, akaniita kwa kugonga kijiko kwenye kikombe. Nikainama.

"Mwambie dada yako," alisema, "balbu nimeirudisha."

"Balbu ipi tena, baba?"

Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa maswali. "Mwambie hivyo hivyo."

Balbu yenyewe niliijua. Ilikuwa ya barazani, na tangu arudi kwa daktari ilikuwa ikiwaka usiku na mchana. Nikitoka naizima, nikirudi naikuta inawaka. Nilishamtania: "Baba, siku hizi na jua unalisaidia kazi?" Hakucheka, nami nikajua kicheko nacho kimekwama palepale kooni. Siku hiyo pia, nikiwa natoka mbio, nilibonyeza swichi, nikaenda zangu.

Nyumbani na kazini naitwa Redio. Sababu haihitaji maelezo. Waliosoma na mimi wataapa kwamba nilizaliwa nikiwa hewani. Tangu dada aondoke nyumbani kwa ugomvi, miaka sasa, mimi ndiye waya kati yake na baba. Baba husema neno moja, mimi humfikishia dada matano. Dada huguna, mimi humletea baba salamu kamili, zenye mwanzo na mwisho. Natia chumvi, sikatai. Lakini maneno ya wale wawili yalikuwa makavu mno, na mtu hali kikavu wakati chumvi anayo mfukoni.

Nilimpigia dada nikiwa njiani. Habari za operesheni alikuwa nazo. Alichokuwa hajaamua ni kama atakuja, na muda ulikuwa umebana: akipanda basi jioni ile, angemkuta baba akiwa bado na sauti. Akichelewa, angemkuta na kitambaa shingoni.

"Dada, baba anakwambia urudi," nilianza. "Amekusamehe. Analia kila siku, mto wake unaweza kuuanika."

Dada akanikatiza.

"Amesema nini?"

"Amekusamehe."

"Neno hilo limetoka mdomoni mwake?"

"Mdomoni mwake, kwa jinsi ulivyobaki."

"Basi muulize aliniambia nini mlangoni siku ile," alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. Na kweli kazi yake ni hiyo, anafundisha hesabu shule ya mbali huko. "Akishakumbuka, ndipo tutajua ni nani wa kumsamehe nani."

Kuna kukata simu, na kuna kubamiza mlango kwa simu. Dada alibamiza. Habari ya balbu hata sikuifikisha. Niliiona haina uzito.

Karakana yetu iko orofa ya chini, haina madirisha, na baridi yake ni ya mashine, si ya watu. Juu ya meza vilikuwa vikinisubiri vikuza mwanga vitatu. Kuna njia ya faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba maongezi ya watu kwa mwanga wa leza, inayovuka mlima kutoka mji mmoja hadi mwingine. Katikati ni msitu mtupu, hakuna hata nguzo ya umeme. Mwanga ukitoka huku mzima, unafika kule hoi. Kazi yangu ilikuwa kuchagua cha kuutia nguvu, na Injinia angesikia nimechagua nini na kwa nini.

Injinia ni mama mfupi mwenye miwani machoni na mingine utosini, na huwa anaitafuta yote miwili.

"Haya, Redio. Umechagua kipi?"

Nikagonga kile kikubwa kuliko vyote. "Huyu dume. Tunamfunga mwisho wa njia. Mwanga ukifika umechoka, anaubeba mgongoni."

"Umeangalia nguvu tu."

"Kwani kikuza ni nini, Bosi, kama si nguvu?"

"Hata mlevi ana nguvu. Washa."

Nikapitisha leza kwenye faiba iliyoviringishwa kwenye magurudumu, urefu sawa na ule wa mlimani, nikaunganisha dume mwishoni. Kwenye skrini ujumbe huonekana kama mwiba mmoja uliosimama, na chini yake kuna mstari unaotetemeka ambao sisi mafundi tunauita nyasi. Nyasi ni kelele. Mwiba wangu ulikuwa umezama, ncha tu ndiyo ilionekana. Nikaongeza nguvu. Mwiba ukapanda, moyo wangu nao ukapanda. Kisha nikaona nyasi zinapanda nao, tena zimenenepa kuliko mwanzo.

"Unaona?" alisema Injinia. "Umekuza mwiba, umekuza na nyasi. Halafu mwenyewe kapanda za kwake juu."

"Za kwake kazitoa wapi?"

Akavuta kiti. Injinia akivuta kiti, ujue chai yako itapoa.

"Humo ndani kuna uzi wa kioo uliochanganywa na madini yanayoitwa erbiamu. Pembeni kuna leza ndogo, kazi yake ni kuzilisha zile chembe za madini. Zikishiba zinatulia, zinangoja. Mwanga mnyonge ukipita unazigusa, na kila iliyoguswa inatoa mwanga wake: rangi ile ile, mwendo ule ule, upande ule ule. Mmoja unakuwa miwili, miwili inakuwa minne. Hakuna chembe inayoongeza la kwake."

"Kwaya."

"Kwaya. Ila chembe iliyoshiba haina subira. Nyingine hazingoji kuguswa. Zinatoa mwanga zenyewe tu, wowote, kuelekea kokote. Na chembe nyingine mbele hazijui kwamba ule si ujumbe. Zinaukuza vilevile."

"Zinaropoka," nikasema.

Injinia akashika meza kwa kicheko. "Zinaropoka! Neno lenyewe ndilo hilo. Na unajua zinaropoka zaidi lini? Ujumbe ukiwa mnyonge. Mwanga ukija na nguvu, chembe zote zinapata kazi. Ukija kwa kunong'ona, nyingi zinakaa bure, na mdomo uliokaa bure unaujua mwenyewe, Redio."

Alikuwa anatania. Nami nilicheka, maana kutaniwa ni karo yangu ya kutania. Lakini niliacha katikati. Niliona ndevu za baba. Niliona sikio langu limeinama, na mimi mwenyewe juu ya sikio hilo, nimeshiba maneno, wala sikungoja kuguswa. Yeye kanong'ona balbu. Dada kapokea msamaha, machozi na mto wa kuanika.

"Bosi," nilimwuliza, "ujumbe ukishazama kwenye nyasi, unautoaje?"

"Hautoki. Hakuna kikuza kinachojua lipi ni neno na lipi ni kelele." Aliona sura yangu, akapunguza sauti. "Ndiyo maana hatuanzi kwa kuuliza nguvu. Tunaanza na rangi ya mwanga wetu, kwa sababu si kila kikuza kinaielewa kila rangi. Halafu mwanga unaingia ukiwa na hali gani, na chenyewe kitauchafua kiasi gani. Na kikubwa kuliko vyote, utakifunga wapi, kabla haujazama."

Tukaanza upya. Kile kidogo cha chipu, sawa na ukucha, nilikipenda kwa umbo lakini nikakiweka kando: njia yetu inabeba rangi nyingi kwa pamoja, nacho kikielemewa kinazichanganya, rangi moja inaanza kusema maneno ya nyingine. Cha erbiamu nilikihamishia mwanzo wa njia, mahali mwanga bado mzima, na nikakipunguza, maana mwanga ukisukumwa kupita kiasi kioo chenyewe kinauvuruga. Kikabaki cha tatu, kilichonichanganya tangu mwanzo, kwa kuwa ndani yake sikuona uzi wa kukuzia chochote.

"Hicho hakina uzi wake," alisema Injinia. "Unakifunga kule mwisho, kinarusha mwanga mkali kurudi nyuma ndani ya njia ile ile. Ujumbe unapokaribia unapata nguvu kidogo kidogo, kabla haujazama."

"Kwa hiyo kikuza ni njia yenyewe?"

"Njia yenyewe. Wewe unasukuma tu ukiwa mbali, na kelele yake ni ndogo. Ila usafi! Punje ya vumbi kwenye kiungio inaungua papo hapo, na jicho lako usiliweke hapo hata kwa mzaha."

Nikafuta kiungio. Nikafuta tena. Nikawasha. Mwiba ukasimama peke yake, na nyasi zikalala chini kama zimefyekwa.

"Hiyo ndiyo," alisema Injinia, akitafuta miwani iliyokuwa utosini. Kwa mara ya kwanza sikumwambia iko wapi kwa utani. Niligusa tu utosi wangu kumwonyesha, nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nguo za hospitali zimekunjwa kwenye begi miguuni. Nikapiga magoti.

"Baba, dada anauliza ulimwambia nini mlangoni."

Alinipungia kidole nisogee. Kisha nikasogeza sikio, na safari hii ndevu hazikunichekesha.

"Nilimwambia akitoka, asitegemee mtu wa kumwashia taa," alisema. "Nikapanda kiti, nikaitoa balbu. Mbele yake."

Miaka yote hiyo tulikuwa tukijikwaa kwenye ngazi ya baraza usiku, nami nikifanya mzaha wangu kwamba baba ni bahili mpaka giza analiweka akiba. Nilikuwa usingizini siku dada alipoondoka. Sikuwahi kuuliza. Redio haina kawaida ya kuuliza.

"Umeshamwambia?" baba alinong'ona. "Kwamba nimeirudisha?"

"Bado."

Neno fupi kuliko yote niliyowahi kumjibu. Nikapiga simu, nikaweka spika, nikaishika karibu na midomo yake. Iliita mpaka nikadhani hatapokea.

"Redio," dada alisema, "kama ni hotuba nyingine, nakata."

Mdomo wangu ulijaa. Nilikuwa na maelezo, nilikuwa na samahani, nilikuwa hata na kichekesho kizuri kuhusu chembe. Nikauuma ulimi, si kwa mfano, kwa meno. Baba alifungua kinywa. Ukatoka ule mkwaruzo, bila neno ndani yake.

"Nani huyo?" dada akauliza. "Mbona hamsemi? Nani?"

Baba akavuta pumzi ambayo mabega yote mawili yaliisaidia. "Balbu," alisema. "Nimeirudisha."

Sijui upande wa pili kilifika nini, neno au mchakacho. Nilitamani kufafanua. Nilitamani kusema, dada, anamaanisha hivi na hivi. Nikaishika simu tu. Kwa mbali, nyuma ya dada, watoto walikuwa wakipiga kelele za mapumziko.

Kisha ikaja sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa yule mwalimu. Ilikuwa ya msichana.

"Inawaka?"

Baba akageuza shingo kutazama barazani. Nami nikakumbuka kidole changu cha asubuhi.

Nikamwachia simu mkononi. Nikavua viatu, nikaenda mlangoni kwa nyayo tupu, nikabonyeza swichi kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Nje jua lilikuwa kali. Balbu iliwaka, lakini mchana ule usingejua. Ilinibidi nipande kiti, nisogeze kiganja mpaka kikapata joto lake. Nikarudi, nikamwitikia baba kwa kichwa.

"Inawaka," alisema.

Simu haikukatika. Makelele ya watoto yalipungua, kama mtu ameingia chumbani na kufunga mlango. Halafu kikasikika kitu kirefu, chembamba, chenye mkwaruzo. Kingeweza kuwa zipu ya begi. Kingeweza kuwa kelele tu za njia.

Baba akaniinulia nyusi, akiniuliza.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa tele. Nikaisogeza simu kwenye sikio lake.