Ubaridi Unaolipwa na Mlima

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi, kwa gundi, si kwa pini, maana mwenyewe hakutaka mchezo: MARUFUKU KUWASHA KIYOYOZI KATIKA MAGARI YA WAGONJWA. Chini yake ilikuwepo sahihi ya msimamizi wa usafiri wa kliniki ya figo, mtu aliyependa matangazo hata madereva wakamwita Bwana Tangazo. Aliwahi kubandika moja la kuelekeza namna ya kufunga mlango wa choo. Ila tusimwonee: magari yalikuwa yanakunywa mafuta kupita kiasi, na wakubwa walikuwa wamemkaba koo.

Dereva mmoja alilisoma tangazo lile mara mbili na damu ikamchemka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushee, na wenzake walimwita Swichi kwa sababu ya kidole chake. Njia nzima alikuwa anawasha kiyoyozi, anazima, anawasha tena, na wao wakimcheka mpaka mbavu ziwaume. Aliwaacha wacheke. Marehemu mjomba wake alikuwa fundi wa viyoyozi vya magari, na yeye alikulia katika karakana ile akishika spana na kusikiliza.

Kilichomchemsha damu hasa ni Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka sabini, aishiye juu mlimani, ambaye figo zake zilishakoma kazi na sasa alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Wiki iliyopita, marufuku ikiwa bado ya mdomo tu, Mwalimu alizirai kwenye kiti cha nyuma. Alipozinduka alisema kwa upole kabisa kwamba hatakuja tena, afadhali afe kitandani kwake kuliko kuokwa ndani ya gari. Na mgonjwa wa mashine akikosa wiki moja au mbili, mwisho wake haufichiki. Swichi akamwapia kwamba Jumanne atakuja kumchukua na gari litakuwa baridi. Aliapa kwanza, akafikiri baadaye, ndivyo alivyoumbwa.

Basi Jumatatu hiyo hiyo akaingia ofisini kwa Bwana Tangazo bila kungoja kuitwa. Safari ya kwa Mwalimu, kwenda na kurudi, ilijulikana: lita kumi bila kiyoyozi, lita kumi na mbili nacho. Swichi akasema yeye atakwenda na kurudi, Mwalimu atakaa kwenye ubaridi, na lita kumi hazivuki. Zikivuka, atauweka ufunguo wa gari mezani na kazi ameacha. Bwana Tangazo akacheka kicheko cha pua. Akakubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atakaa ndani ya gari, maana madereva anawajua. Swichi alitoka akijua alichokiweka rehani, kwani alikuwa na watoto wawili shuleni na hakuna mwingine wa kuwalisha. Lakini maji ukishayavulia nguo, utafanyaje? Utayaoga.

Jumanne saa sita mchana, jua likiwa utosini, walijaza tangi kituo cha mafuta mpaka shingoni. Bwana Tangazo alikaa mbele na koti lake na tai yake. Swichi akafungua milango yote kwanza, hewa ya moto ikatoka, kisha wakaanza kupanda. Kiyoyozi kimezimwa, madirisha yako wazi, na upepo unaoingia ni wa moto.

Kilomita tano za kwanza Bwana Tangazo alikaa kama anapigwa picha. Kilomita ya kumi koti likavuliwa. Kilomita ya kumi na tano tai ikafuata, na faili aliyoibeba ikageuka kipepeo cha kujipepea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na siku hiyo kunguni wote walimtembelea yeye. Mwishowe kidole chake kikaanza kusogea, polepole, kuelekea kwenye swichi ya kiyoyozi.

"Bosi, rudisha kidole," Swichi akasema, macho yako barabarani. "Kwenye mlima injini imejitwika gari zima. Ukiitwisha na AC juu yake, hapo ndipo mafuta yanapokwenda. Halafu marufuku si yako mwenyewe?"

Kidole kikarudi.

Juu mlimani kulikuwa na kipande cha tambarare. Hapo Swichi akafunga madirisha na kuwasha, ili gari lifike limepoa. Mwalimu alikuwa barazani na mkoba wake mapajani, bado hajaamua. Swichi akamwamkia, akamfungulia mlango. Mwalimu akaingiza mkono ndani kwanza, kama mtu anayepima maji ya kuoga, kisha akaingia.

Wakaanza kuteremka. Swichi akaweka gia ya tatu, akaondoa mguu kwenye mafuta, na kiyoyozi akakiacha kipulize kwa nguvu zote. Bwana Tangazo akashtuka. Akamwambia atoe gia waserereke bure, kama wafanyavyo madereva wote.

"Ndiyo maana wote wanakumalizia mafuta," Swichi akajibu. "Ukitoa gia, injini inabaki peke yake, lazima inywe ndiyo isizime. Ukiacha gia na mguu uko juu, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini, na injini inaizungusha AC. Hakuna hata tone linaloingia. Ubaridi huu, Bosi, unalipwa na mlima."

Nyuma Mwalimu akacheka kidogo. Alisema angekuwa na mwanafunzi wa namna hiyo asingestaafu mapema.

Kila palipokuja kimlima, kidole kikazima, na kila mteremko kikawasha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka karibu na mjini, ambako lori la saruji lilikuwa limemwaga mzigo katikati ya njia. Magari yakasimama. Hapo hapakuwa na mteremko wa kumlipia mtu, injini ikawa inanguruma pale pale na kiyoyozi kinakula mafuta ya kweli.

"Zima," Bwana Tangazo akasema kwa sauti ya chini. "Utavuka kumi. Nakwambia kwa wema."

Swichi aliogopa. Aliwaona wanawe, akauona ufunguo juu ya ile meza. Mkono ukafika kwenye swichi. Kisha akatazama kioo: Mwalimu amefumba macho, midomo imekauka, ila anapumua vizuri. Akaurudisha mkono kwenye usukani.

"Wacha nivuke," akasema.

Walisimama dakika ishirini na tano. Hakuzima.

Walipomfikisha Mwalimu kwenye mashine yake, akiingia kwa miguu yake mwenyewe, wakarudi kituo kile kile, pampu ile ile, kujaza tena kilichopungua. Swichi hakuweza kutazama namba, alitazama viatu vya mhudumu. Pampu ikalia, ikalia, ikakata. Bwana Tangazo akainama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akamwambia mhudumu aongeze mpaka mafuta yaonekane kwenye mdomo wa tangi. Mhudumu akaongeza.

"Tisa nukta tisa," akasoma Bwana Tangazo, na sauti yake haikuwa na pua tena.

Swichi akapiga kigelegele pale pale kati ya pampu, mpaka watu wakatoa vichwa madirishani. Alicheka, akalia, akamshukuru mjomba wake kwa sauti kana kwamba amesimama pale. Bwana Tangazo, tuseme haki yake, hakutafuta kisingizio. Alirudi ofisini akaanza kulibandua tangazo. Gundi yake mwenyewe ikamgomea. Alikwangua kwa kucha, akakwangua kwa rula, madereva wamejipanga nyuma yake wakimwonyesha palipobaki. Alipomaliza, akawaamuru hao hao waliokuwa wakimcheka Swichi wapande gari lake mmoja mmoja, wafundishwe kuteremka.

Alhamisi Swichi alipofika mlimani hakukuta mtu barazani. Moyo ukamruka. Kisha akamwona: Mwalimu alikuwa amekwisha kutoka, anamsubiri barabarani kwenye jua lile kali, mkoba begani, na amevaa sweta.