Bado Haijakauka

Tega sikio nami nikutegee: nina mlafi nyumbani, humeza nguo za wakubwa kwa wadogo, huzirudisha zote bila kubakiza hata soksi, na bado ananenepa. Ni nani huyo?

Usijikune kichwa, nitakutegulia mwenyewe. Ni mashine ya kukaushia nguo. Kinachomnenepesha ni nyuzi. Kila nguo izungukayo humo huacha vinyuzi vyake kwenye chujio, pale mlangoni, na usipolisafisha, mlafi huvimbiwa.

Basi mlafi wa mama mmoja alikuwa amevimbiwa miezi miwili. Shuka ilizungushwa mara tatu na ikatoka na unyevunyevu, na chumba cha kufulia kilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Mama alijua dawa yake, lakini kila aliposhika chujio, mkono ulikataa. Alijua rangi atakayoikuta humo: bluu.

Maana siku za mwisho za mumewe, mzee wa watu alishikwa na baridi isiyosikia blanketi. Alitaka sweta yake ya bluu, ile ya sufu. Mama akaifua haraka haraka, akaitia kwenye mashine, akazungusha swichi ya joto hadi mwisho, ili imfikie ingali moto. Ikatoka imejikunyata, ndogo kama ya mtoto wa miaka minne. Akaificha chini ya vibanio vya nguo, ndani ya kapu.

"Sweta yangu?" mzee akauliza.

"Bado haijakauka, mume wangu."

Akauliza tena baada ya chai. Bado haijakauka. Adhuhuri hakuuliza tena.

Siku ya msiba, binti yao akasema, "Mama, ile sweta ya baba iko wapi? Naitaka mimi." Mama akageuka kupokea wageni.

Sasa binti amekuja na mtoto mchanga, mvua hainyamazi, na nepi zimejaa beseni.

"Mama, hii kitu inanuka kuungua. Chujio ulilisafisha lini?"

"Acha. Nitalisafisha mwenyewe."

"Umesema hivyo tangu juzi! Mtoto analala nyuma ya ukuta huu. Unataka tuokwe kama mikate?"

"Tangu lini umekuwa fundi? Wewe ulikuwa huwezi hata kukunja soksi zako."

"Nimeolewa na mwanamume mwenye soksi kumi na nane, zote za mguu mmoja. Nimejifunza."

Mama akacheka, kisha akaacha ghafla, maana binti alikuwa keshachomoa waya ukutani na kupiga magoti.

Chujio likagoma. Akalivuta kwa mikono miwili, likatoka na tandiko nene la nyuzi.

"Lo! Ndevu zote hizi! Hii si mashine, ni babu."

Akaanza kulibandua kwa vidole, tabaka kwa tabaka. Juu nyeupe, za mashuka waliyolalia wageni wa msiba. Kisha kijivu. Mama alisimama mlangoni na taulo begani, akitamani mtoto alie, aitwe huko. Mtoto hakulia.

Chini kabisa, bluu.

Binti akaisugua kati ya vidole, akainusa. Akaiweka juu ya goti lake, akaendelea na kazi. Akasugua pembe za chujio kwa brashi ya chupa, akaliosha kwa maji ya sabuni, akaliegemeza dirishani likauke kwanza. Akaisogeza mashine, akachomoa bomba la nyuma litoalo hewa ya moto, akalikung'uta. Zikaanguka nyuzi nyingine za bluu. Akaziokota moja moja, akaziongeza pale gotini.

"Mama," akasema, bila kuinua uso. "Nilikuuliza kitu siku ya msiba."

Mvua ikapiga kioo. Mama akaenda kwenye kapu, akafukua chini ya vibanio, akatoa kile kisweta na kukilaza mapajani pa bintiye, mikono midogo ya sweta imekunjwa.

"Ni hii. Mimi ndiye niliyeiharibu, kwa kutaka apate joto upesi. Aliiomba mpaka mwisho, mwanangu, nami nikamwambia bado haijakauka."